Mwaitu Yupi?

Mwikali, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa mawaidha kwa makarani wapya wa usajili wa vizazi na vifo. Nilimwambia ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza jinsi ya kushika rula. Alicheka, akidhani natania.

Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Waliopandishwa wanajua walivyopandishwa, na sisi tuliobaki chini tunajua zaidi. Nitaandika juu ya siku yangu ya kwanza, juu ya mzee aliyenifundisha kazi, na juu ya mwanamke niliyemwandika kuwa amekufa, ambaye miaka mingi baadaye alikuja akakaa kwenye benchi letu akaniangalia. Najua hilo la mwisho ndilo Mwikali analolitaka, ingawa hakulisema.

Nilizaliwa karibu na Kabati, nyumba ya watu wa kanisa. Nilipopata kazi serikalini mama alisimama Jumapili akamshukuru Mungu mbele ya ushirika wote, akasema binti yake Ndinda atakuwa akiandika watoto wanaozaliwa. Hakutaja vifo. Nadhani alifikiri nikishapata uzoefu nitaachiwa watoto tu.

Ofisi ya kwanza ilikuwa vyumba viwili na dirisha la wavu. Mkuu wangu alikuwa Bwana Athumani, mzaliwa wa Mwingi, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo asirudi tena. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba sisi Wakamba tulipendelea kuonyesha kwa kidole kuliko kusema mbele yake. Juu ya meza kulikuwa na madaftari mawili makubwa, moja la vizazi na moja la vifo. Alichonifundisha kwanza ni kwamba la vifo lisiwekwe juu ya lile la vizazi.

"Hiyo ni kanuni ya serikali?" nikauliza.

"Ni kanuni ya meza hii," akanijibu.

Mimi ni mtu wa kanisa na siamini mambo kama hayo. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kuliweka juu.

Alinifundisha kuandika kwa wino mweusi na kuungoja ukauke, kwa sababu wino wa serikali wa siku zile ulikuwa na tabia ya kukauka ukitaka wenyewe. Alinifundisha kalenda ya shamba, maana mama akija dirishani hakwambii tarehe. Atakwambia mtoto alizaliwa mbaazi zikitoa maua, au wiki ile nyuki walipohama, na ni kazi yako kuitafuta siku hiyo bila kumfanya ajione mjinga. Wengi walitujia wakitetemeka. Dirisha la serikali lilikuwa mahali pa kukemewa, na mtu aliyekemewa mara moja humpeleka mtoto wa pili nyumbani bila kumwandikisha. Nyinyi mnaolalamika kwamba wananchi hawatuamini, kumbukeni kwamba waliotangulia walifanya kazi kubwa kuwafundisha wasituamini.

Zaidi ya yote, Bwana Athumani alinifundisha kusoma kwa sauti. Mtu akishasema yote aliyonayo, kabla hajatia sahihi, karani anausoma mstari mzima kuanzia jina hadi mwisho, na yule aliyeleta habari anasikiliza. Hakuna haraka yoyote iliyoweza kumfanya aache.

"Ndinda, jina si mtu," alikuwa akiniambia. "Jina ni nguo. Watu wawili waweza kuvaa nguo moja. Wewe uliza nani yumo ndani. Na usome kwa sauti, kwa sababu maiti hawezi kukusahihisha."

Alistaafu akarudi Mwingi kwake, akafariki miaka michache baadaye. Mstari wake niliuandika mimi, nikausomea watoto wake kwa sauti, na sauti yangu haikukatika hata kidogo. Najivunia siku hiyo kuliko nyingine zote. Siku iliyofuata katika hadithi hii siwezi kujivunia.

Kituo sitakitaja. Ilikuwa Jumatatu asubuhi na foleni ilikuwa imezunguka jengo. Akaja kijana mmoja, koti limejaa vumbi, akanipa barua fupi ya naibu wa chifu iliyosema kwamba Mbithe Kimanthi wa kijiji kimoja upande wa Nuu amefariki nyumbani. Umri haukuandikwa. Huyo kijana jina lake ni Musyoka Kimanthi.

"Pole sana," nikamwambia. "Marehemu ni nani wako?"

"Ni mwaitu."

Kwa wasioijua lugha yetu, mwaitu ni mama yangu. Lakini sisi msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa jina hilo, baba naye humwita mwaitu. Utamkuta mwanamume mzima, ndevu tele, anamchuchumalia mtoto asiyefika magotini akimwambia, "Mwaitu, kuja unywe uji." Baba yangu mwenyewe aliniita hivyo hadi siku alipofunga macho. Karani aliyetoka kwingine angeuliza, "Mwaitu maana yake nini?" na kosa lingekufa pale pale. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijua.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Homa."

"Miaka?"

"Itatu," akajibu. Mitatu.

Nikaandika kwamba aliugua homa kwa miaka mitatu. Nikaomba kitambulisho. Akapapasa koti, akatoa kitambulisho kilichofungwa pamoja na kadi ya zahanati, akakiweka mezani bila kukitazama. Mbithe Kimanthi, mwanamke, na picha ya mama mtu mzima. Sikushangaa hata kidogo. Nilinakili namba, nikanakili mwaka wa kuzaliwa, nikamrudishia. Kijana alikuwa akilia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye kola. Sikumsomea. Niliona kumsomea mtu kama huyo ni kumtonesha kidonda, na nyuma yake foleni ilikuwa ikinung'unika. Alitia sahihi mahali nilipomwonyesha, nami nikampa kibali cha mazishi.

Halafu nikamwambia, kwa kumfariji, "Jipe moyo, kaka. Angalau amekula chumvi nyingi."

Akaniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kana kwamba nimezungumza naye kwa lugha ya nchi nyingine. Kisha akaikunja karatasi akaenda. Nilidhani ni uchungu tu.

Baada ya hapo nilihamishiwa Makindu, nikakaa huko miaka mingi. Pale barabara ya Mombasa haikosi kutuletea kazi. Niliandika wasafiri ambao hawakuwa na mtu wa kuwasemea, mistari mingine haina jina, inasema tu mwanamume mtu mzima, shati la bluu. Niliisoma hiyo kwa sauti pia, ofisini peke yangu, maana baada ya Bwana Athumani kufa nilirudi kwenye kanuni yake kama mtoto aliyechapwa. Sikujua bado kwamba nilistahili kuchapwa.

Miaka yangu miwili ya mwisho nilirudishwa kituo kile kile. Sasa kulikuwa na kompyuta, na madaftari yote ya zamani yalikuwa yameingizwa ndani, namba za vitambulisho zikaunganishwa. Nasema wazi kwamba ni kitu kizuri. Cheti kilichokuwa kikimchukua mtu safari nne sasa anakipata kwa moja. Lakini kosa lililokuwa ndani ya daftari lilikuwa limelala, halimdhuru mtu, na kompyuta ililiamsha.

Ilikuwa mchana, jua la utosini. Mwikali ndiye aliyekuwa dirishani. Akaja bibi mmoja mwembamba, leso mbili, kikapu cha kiondo mgongoni, akampa kitambulisho. Mwikali akapiga namba. Akapiga tena. Akainama karibu na kioo.

"Susu," akasema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya, "sijui nikuambie aje. System inasema wewe ulikufa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwenye benchi watu wakasikia. Mmoja akacheka. Halafu hakuna aliyecheka. Mama aliyekuwa mwisho wa benchi akamvuta mtoto wake akampakata.

"Hata mimi nimekuwa nikisikia hivyo," bibi akajibu.

Mwikali ni mtu wa kutokata tamaa. Akaleta kile kifaa cha kusoma vidole ili athibitishe kwamba huyu ni huyu. Bibi akaweka kidole gumba, taa ikabaki nyekundu. Akaweka cha pili. Vidole vyote kumi vilipita pale na mashine ikasema haijawekewa kidole. Najua sababu. Mwanamke akisokota mkonge maisha yake yote kwa ajili ya vyondo, ngozi ya vidole inalainika ikabaki haina mistari. Nilimweleza bibi hivyo. Alijifuta kidole gumba kwenye leso, akakiangalia pande zote mbili, akasema kwa upole, "Basi ni kweli nimeanza kuisha."

Nilimkaribisha ndani akae. Akatueleza. Alipokwenda kutibiwa macho waliitafuta namba yake wakamwambia yeye ni marehemu, lakini walimtibu, wakifikiri ni mchezo wa mashine. Jambo lililomleta kwetu lilitokea kwenye baraza kijijini. Naibu wa chifu, mgeni katika eneo lile, alikuja na orodha, iliyotolewa kwenye daftari la vizazi, ya vijana waliotimiza miaka kumi na minane, ili waende wakachukue vitambulisho. Akasoma, "Mbithe Kimanthi!"

Bibi akasimama akaitika.

"Si wewe, mama," naibu akamwambia. "Wewe kwa karatasi yangu ulishakufa. Ninaita msichana." Na akaita tena, halafu mara ya tatu, akiangalia huku na huku. Watu wote waliokuwa pale walijua msichana huyo yuko wapi. Alikuwa nyuma ya ghala la Kimanthi, chini ya mawe, tangu akiwa na miaka mitatu.

"Watu waliangalia chini," bibi akasema. "Mwezi uliofuata orodha ikarudi. Akamwita tena."

"Naibu hakuambiwa?" Mwikali akauliza.

"Aliambiwa. Akasema karatasi ndiyo inasema, yeye anasoma tu." Akageuka kwangu. "Mimi sikuja kuomba kitu cha serikali. Nataka mambo mawili. Mimi nikifa mtanizika na kibali gani? Changu kilishatumika. Mortuary wataniweka huko mpaka lini? Na yule mdogo, muache kumwita. Mtoto akiitwa sana, anageuka."

Nywele za mikono yangu zilisimama, na sioni aibu kuliandika hilo. Nikamwuliza mwaka, nikaingia chumba cha nyuma, nikashusha daftari lile la kale. Wino ulikuwa mweusi kama juzi. Nilitambua mwandiko kabla ya kusoma jina. Mbithe Kimanthi, mwanamke. Homa, miaka mitatu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema chumvi nyingi. Nikauona uso wa yule kijana, mdomo wazi, na safari hii nikaelewa alichokuwa akikiangalia. Alikuwa akimwangalia karani wa serikali anayemwambia kwamba mtoto wake wa miaka mitatu ameishi vya kutosha.

Nilikaa chini sakafuni, daftari mapajani, hadi Mwikali alipokuja kunitafuta.

Kisha nikatoka nikakaa karibu na bibi. "Mwaitu," nikamwambia, kwa heshima tunayompa mama yeyote mtu mzima, na hata hapo neno lilikuwa lile lile, "ni mimi niliyeandika."

Akanitazama kwa macho yale yaliyotibiwa juzi. "Ni wewe?" Akafikiri. "Musyoka alikuwa akisema karani alikuwa mpole."

Kabla ya kurekebisha ilibidi twende tukaone kaburi na kuandika maneno ya majirani wawili. Tulikwenda mimi na Mwikali. Tangu dukani tuliposhuka niliona kitu ambacho sikukipenda. Watu walitusalimia sisi vizuri sana, wakatupa mikono, na bibi aliyekuwa amekuja kutupokea wakampita. Hawakuwa wakali, walimpita tu. Wasichana wawili waliokuwa wakichota maji walisubiri aondoke pale bombani kwanza.

"Wamezoea," akasema. "Hata mimi nimezoea. Asubuhi nikiamka najigusa kwanza."

Alitueleza pia jina lake. Mama yake alikuwa amezika wawili kabla yake, na kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa Mbithe, fisi, ili kifo kikipita kimwone ni fisi kisimtake. Jina lilifanya kazi yake. Lilimficha vizuri hadi nilipolifikisha mimi kwenye daftari.

Nyuma ya ghala kulikuwa na kaburi dogo la mawe. Mawe matatu ya upande wa kichwani yalikuwa yamesogea, udongo wa chini yake ukiwa bado na unyevu.

"Nayarudisha," bibi akasema. "Tangu ile orodha, nikiyarudisha yanatoka."

Nikajiambia ni mbuzi. Mbuzi wa Nuu wanapanda hata paa. Kisha nikawaona mbuzi wake wanne, wamefungwa kwenye mti ng'ambo ya boma, kamba fupi. Mwikali naye alikuwa akiwaangalia. Jioni hiyo, kabla ya kufunga ofisi, nilitafuta jina langu kwenye kompyuta. Nilikuwa hai. Kesho yake nikalitafuta tena.

Sasa ndipo palipokuwa na ugumu. Mkuu wa kituo wakati huo, kijana mzuri tu, alinionyesha njia fupi. Kuna fomu ya marekebisho yenye nafasi ya kusema kosa lilikuwa la nani. Ukiandika ni kosa la mtoa taarifa, yeye anatia sahihi, mambo yanaisha kwa wiki chache. Ukiandika ni kosa la afisa, faili linakwenda juu, na juu wanauliza maswali.

"Madam Ndinda, umebakisha miezi mitatu," akaniambia. "Si huyo jamaa asaini tu? Hata hatashtakiwa. Ni formality."

Nitasema ukweli, nilikubali. Nilikuwa nimechoka, na niliogopa kumaliza kazi na barua ya onyo mkononi. Nikapanda gari hadi Makindu, bibi alikoniambia yuko, kumtafuta Musyoka. Siku hizi anaziba pancha kando ya barabara, mbele ya duka la vipuri. Miaka yote niliyokaa Makindu nilipita pale nikienda kazini, na tairi ya gari la ofisi aliwahi kuiziba. Hatukujuana.

Nilimweleza. Alifuta mikono kwa tambara, akaisoma fomu polepole kidole kikiwa chini ya maneno. Mtoa taarifa alitoa maelezo yasiyo ya kweli. Akasoma mara ya pili.

"Hapa wanasema mimi nilisema mama amekufa," akaniambia.

"Ni maneno ya fomu tu, kaka."

"Mimi nilisema mwaitu."

"Najua."

"Nilikwambia miaka mitatu. Ulipoomba kitambulisho nikatoa kilichokuwa na kadi ya mtoto, cha mama aliyempeleka zahanati. Sikudanganya." Hakupandisha sauti. "Nilizika mtoto na karatasi imeandikwa mama yangu. Niliona baadaye, nyumbani. Nikaficha ndani ya Biblia, nikaogopa kurudi kwenu. Nilijua mkisema nimedanganya serikali mtanifunga. Miaka yote hii nimekuwa nikimwogopea mama, nikisikia simu inalia nadhani ni yeye, eti karatasi imemfikia. Na sasa unataka niandike kwamba ni mimi nilimuua?"

Akanirudishia fomu. Ilikuwa na alama ya grisi ya kidole gumba, safi kabisa, kila mstari ukionekana. Nilitamani ile mashine ingepewa hicho.

Mtu huyu aliishi na woga huo kwa miaka kumi na mitano, si kwa sababu ya kifo bali kwa sababu ya dirisha letu. Alijua kuna kosa na akaona ni salama zaidi kumwacha mama yake awe maiti kuliko kuja kutuambia. Nililia pale mbele ya duka la vipuri, na yeye, Mungu ambariki, akaniletea kigoda.

Niliporudi niliomba fomu nyingine. Kwenye nafasi ya kosa niliandika: ni la afisa, ambaye hakuuliza na hakusoma. Nikaapa mbele ya hakimu, nikaambatanisha picha ya ukurasa. Faili likaenda juu, maswali yakaja, nikayajibu moja moja. Barua ya onyo nayo ilikuja. Nimeiweka kwenye Biblia yangu, maana naona ndiko karatasi za aina hiyo zinakokaa.

Wakati huo wote sikulala vizuri. Sikuwa nikiogopa barua. Niliogopa bibi atakufa kweli kabla ya karatasi kurudi, na mlango uwe umefungwa na mkono wangu. Kila asubuhi nilimpigia jirani yake kuuliza kama ameonekana. Jirani alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, kwa hiyo hata mimi nikaanza kuelewa kinachosemwa kule.

Vyeti vilitoka wiki mbili kabla sijastaafu. Sheria inaruhusu mtu aje kuchukua. Nilivipeleka mwenyewe, pamoja na Mwikali. Musyoka alikuwa amesafiri kutoka Makindu, na naibu wa chifu tulimwita aje asikie. Tukasimama nyuma ya ghala, saa nne asubuhi, kuku wakichakura.

Nilisoma kwa sauti, jinsi nilivyopaswa kusoma siku ile. "Mbithe Kimanthi, mtoto wa kike, binti wa Musyoka Kimanthi. Umri, miaka mitatu. Ugonjwa, homa. Amefariki." Musyoka alisikiliza hadi neno la mwisho. Nikamwuliza, "Ni sawa?" Akasema, "Ndiyo. Ni huyo."

Bibi akainama akaweka mkono kwenye jiwe la kichwani. "Umesikia," akaliambia kaburi. "Sasa hata wakikuita, usiitike tena."

Kisha nikasoma karatasi ya pili. "Mbithe Kimanthi, mjane wa Kimanthi. Yuko hai."

"Niko," bibi akajibu, kwa sauti kubwa, akimwangalia naibu wa chifu. Naibu akavua kofia. Wanawake wa jirani waliokuwa wamesimama mbali, karibu na ua, wakasogea mmoja mmoja wakamshika mkono. Mmoja alianza kulia na kumwomba msamaha, bibi akamwambia aache kelele, akamlete kuku.

Mwikali hupenda kusimulia kwamba mawe hayajasogea tangu siku hiyo. Mimi nasema labda mbuzi nao walisikia.

Nilistaafu. Nilipewa saa ya ukutani, kama kawaida, ili mtu asiye na pa kwenda ajue saa ya kwenda. Nikarudi Kabati, nikapanda mbaazi. Mvua ya pili baada ya hapo, nikiwa shambani, simu ikalia. Alikuwa Mwikali, na nyuma yake nilisikia kelele za benchi.

"Madam, niko na Musyoka Kimanthi hapa dirishani. Anasema mwaitu amekufa."

Niliacha jembe.

"Nimemuuliza, mwaitu yupi?" Mwikali akaendelea. "Amesema sasa hana mwingine."

Nikauliza kama ameandika umri. Ameandika. Nikauliza kama amemsomea mstari wote kwa sauti, akasema amesoma, na Musyoka amesikiliza hadi mwisho, na mashine imekubali, imetoa kibali bila shida. Atazikwa kwa karatasi yake mwenyewe.

"Mpe pole," nikasema. "Mwambie mama yake alikula chumvi nyingi."

Nilimsikia Mwikali akimwambia. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume, sikuyashika maneno. Mwikali akarudi kwenye simu.

"Anasema asante, Madam. Anasema leo ni kweli."